Dhahabu hii imechimbwa na nani? Swali la mzazi kabla ya kununua pete

Soko la madini linajua dhahabu imeuzwa na nani. Kisichoandikwa kwenye risiti ni nani alibeba mawe, nani alishika zebaki na mtoto gani alikosa shule ili gramu hizo zipatikane.

Familia inapojiandaa kwa harusi, maswali kwa sonara huwa ni yale yale. Pete ni ya karati ngapi? Gramu moja leo inauzwaje? Nikirudi kuiuza mtanikata kiasi gani? Ni maswali ya maana, kwa sababu pesa ya pete haiokotwi barabarani. Lakini lipo swali moja ambalo wengi hatuliulizi, na ambalo mara nyingi hata sonara hana jibu lake: dhahabu hii imechimbwa na nani, na katika hali gani?

Wapo watakaoona hilo ni swali la wazungu na mashirika yao. Sivyo. Dhahabu inayochimbwa na wachimbaji wadogo Geita, Kahama, Chunya, Tarime au Singida inachimbwa na watu wa familia zetu. Ni kijana aliyeaga nyumbani akisema anakwenda machimbo kujaribu bahati. Ni mama anayeponda mawe akiwa amembeba mtoto mgongoni. Na wakati mwingine, kwa bahati mbaya, ni mtoto mwenyewe.

Siku hizi dunia inazungumza sana juu ya mnyororo wa madini unaowajibika. Maana yake ni rahisi: kila anayegusa madini, kuanzia mwenye shimo hadi mwenye duka la vito au kiwanda cha simu, ahakikishe faida yake haitokani na mtu aliyeumizwa, aliyedhulumiwa au kunyimwa utoto wake. Tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua, tuone mzazi anaingia wapi.

Safari ya gramu moja

Yote huanzia kwenye duara, yaani shimo linalochimbwa kwenda chini kufuata mwamba wenye dhahabu. Vijana hushuka kwa kamba au kwa ngazi za miti, wakiwa na tochi kichwani, tindo na nyundo. Pembeni kuta hushikiliwa na matimba, magogo yanayozuia udongo usiporomoke. Matimba yakiwa machache au yameoza, au mvua ikinyesha sana, duara linaweza kufunga na waliomo ndani.

Mawe hupandishwa juu kwenye viroba, yakapelekwa kupondwa kwa nyundo au kusagwa kwenye karasha. Unga wake huoshwa mwaloni kwa maji yanayopita juu ya ubao uliotandikwa kitambaa kinachonasa chembe nzito. Kinachobaki huchanganywa na zebaki, ambayo hushikana na dhahabu na kutengeneza donge. Donge hilo hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu inabaki.

Kutoka hapo dhahabu huenda kwa broka, kwenye kituo cha ununuzi au soko la madini, halafu kwa mfanyabiashara mkubwa, kiwanda cha kusafishia, na mwisho kwa sonara wa hapa au wa ng'ambo. Ikishayeyushwa pamoja na dhahabu nyingine, hakuna awezaye tena kuitazama na kusema hii ilitoka duara la fulani. Ndiyo maana ulinzi wa haki za mchimbaji lazima uanzie mwanzoni mwa safari. Ukichelewa, ushahidi umeyeyuka.

Kuna jambo jingine ambalo walio mbali na machimbo hawalijui. Vijana wengi wanaoshuka kwenye duara hawana mshahara. Wanafanya kazi kwa mgawo: mwenye duara anagharamia chakula na vifaa, na mawe yakipatikana yanagawanywa kati yake, mwenye leseni na wachimbaji. Mwamba usipotoa kitu kwa miezi mitatu, kijana amefanya kazi miezi mitatu bila senti. Akivunjika mguu, mara nyingi hakuna mkataba wa maandishi unaosema nani atalipa hospitali. Hapo ndipo haki ya mchimbaji inapoanza kuvuja, kabla hata hatujafika kwenye biashara ya kimataifa.

Mtoto anaingiaje?

Ni wazazi wachache sana wanaokaa na kupanga kwamba mtoto wao atakuwa mchimbaji. Huanza kidogo kidogo. Jumamosi mtoto anampelekea mama chakula mwaloni. Anaokota vijiwe vilivyodondoka, anapata mia tano ya andazi. Likizo ikifika anasaidia kubeba maji na kupepeta. Shule zikifunguliwa anakosa Jumatatu moja, halafu wiki, halafu mwalimu anaacha kuita jina lake.

Agosti 2013 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini. Watafiti wake walifika kwenye machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakazungumza na watu zaidi ya 200, wakiwamo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hizo. Baadhi yao walianza wakiwa na miaka minane. Ripoti ilieleza watoto wanaochimba na kushuka kwenye mashimo marefu, wanaobeba mizigo mizito, wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu, na wasichana wanaosumbuliwa kingono na wanaume wa machimboni.

Dhahabu si madini pekee yenye historia hiyo. Huko Mererani, kwenye tanzanaiti, kwa miaka mingi watoto walijulikana kwa jina la nyoka, kwa sababu miili yao midogo iliweza kupenya kwenye njia nyembamba za chini ambako mtu mzima hapiti. Jina hilo peke yake linaeleza kila kitu: mtoto alithaminiwa kwa udogo wake.

Sheria yetu haina utata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Lakini kazi za hatari zimekatazwa kwa kila aliye chini ya miaka 18, na uchimbaji wa madini na uvunjaji wa kokoto umetajwa waziwazi miongoni mwa kazi hizo. Tanzania pia iliridhia mwaka 2001 mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani unaopinga aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto.

Yupo mzazi atakayesema: "Mtoto wangu akibeba mawe wakati wa likizo ndiyo anapata daftari na viatu. Nyie wa mjini mnataka afe njaa?" Swali hilo lisipuuzwe. Ada imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, chakula cha mchana na umbali wa shule bado vipo. Familia inayoishi kwa mgawo usiotabirika hutumia kila mkono ulio karibu.

Ila tazama hesabu yenyewe. Kinachomwingiza mtoto machimboni mara nyingi ni pengo kwenye kipato cha mzazi. Mizani ya broka inaposoma pungufu, bei inapokuwa ya kubahatisha, mwenye duara anapokata gharama ambazo hazikuandikwa popote, pengo hilo linazibwa na mtoto. Anayempunja baba gramu anamtoa mtoto darasani, hata kama hamjui kwa sura. Kwa hiyo haki ya mtoto kusoma na haki ya mzazi kulipwa bei halali haziwezi kutenganishwa.

Sumu inayorudi nyumbani

Zebaki inastahili kuzungumzwa kwa sauti kubwa kwenye ukurasa wa familia, kwa sababu madhara yake hayaishii kwa aliyeishika. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya kemikali 10 zenye athari kubwa kwa afya ya umma. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Unapoingia kwenye mapafu huingia kwenye damu, ukaenda kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau, kukosa usingizi, kuumwa kichwa kisichoisha. Wengi hudhani ni malaria au uchovu.

Kwa mjamzito hatari ni mara mbili. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto aliye tumboni, na baada ya kuzaliwa inaweza kumfikia kupitia maziwa ya mama. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, kwa hiyo kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukistahimili kinaweza kumharibia mtoto uwezo wa kujifunza, kutembea au kuongea kwa wakati. Hasara hiyo hairudishwi na dawa.

Tabia iliyo mbaya kuliko zote ni kuchomea dhahabu jikoni, kwenye kijiko au kikaango, huku watoto wamekaa wanasubiri ugali. Mvuke hunasa kwenye kuta, mapazia na vyombo, na kwa kuwa zebaki huendelea kupaa hata kwenye joto la kawaida la chumba, nyumba hubaki na sumu muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Kujifunga leso puani hakuzuii mvuke huo. Ile inayomwagwa mtoni nayo hugeuka kuwa aina yenye sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, na samaki akaishia mezani.

Mfano wa jinsi machimbo yanavyoweza kuifuata familia hadi chumbani ulitokea Nigeria. Mwaka 2010 madaktari waligundua kwamba watoto wa vijiji vya jimbo la Zamfara walikuwa wanakufa kwa sumu ya risasi, ile metali inayotumika kwenye betri za magari. Mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi, na watu waliyasaga nyumbani, uani, wakati mwingine kwa mashine zile zile za kusagia nafaka. Vumbi lilikaa kwenye sakafu wanakotambaa watoto. Zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga mgodini.

Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi kupunguza, na pale inapowezekana kuondoa, matumizi ya zebaki kwenye uchimbaji mdogo, na kukomesha kabisa uchomaji wa donge hadharani na ndani ya makazi. Mkataba huo una jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu walidhurika kwa kula samaki waliochafuliwa na zebaki ya kiwandani.

Kuwajibika maana yake nini?

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni elekezi kuhusu biashara na haki za binadamu. Zinasimama juu ya nguzo tatu: serikali ina wajibu wa kulinda watu, kampuni zina wajibu wa kuheshimu haki zao, na aliyeumizwa lazima apate mahali pa kudai fidia.

Mwaka huo huo nchi tajiri zilizo kwenye shirika la OECD zilitoa mwongozo kwa kampuni zinazonunua madini kutoka maeneo yenye vita au hatari. Mwongozo una hatua tano. Kwanza, kampuni iwe na utaratibu wa ndani wa kujua madini yake yanatoka wapi. Pili, itafute hatari zilizopo: watoto, kazi za kulazimishwa, makundi yenye silaha, rushwa. Tatu, ichukue hatua juu ya hatari hizo. Nne, viwanda vya kuyeyusha na kusafisha vikaguliwe na watu wa nje. Tano, kampuni itoe taarifa kila mwaka kwa umma.

Kwa lugha ya nyumbani, ni sawa na mzazi anayempeleka mtoto kwa msichana wa kazi au kituo cha kulelea watoto. Hutosheki na neno "hapa ni salama". Unauliza, unakwenda kuona, ukikuta kasoro unataka irekebishwe, na unarudi tena siku nyingine bila kutoa taarifa. Kinachoombwa kwa mnunuzi wa madini hakizidi hapo.

Somo kutoka kwa jirani zetu

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Nia ilikuwa njema: kukata fedha za makundi yenye silaha yaliyokuwa yakitoza wachimbaji kwa mtutu wa bunduki na kuwabaka wanawake huko mashariki mwa Kongo.

Lakini kilichofuata kinatufundisha. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Wakati huo huo wanunuzi wengi waliona ni rahisi kuikimbia kanda nzima kuliko kuhangaika kuchunguza. Familia zilizokuwa zikiishi kwa machimbo zilipoteza kipato kwa siku moja. Dhahabu, ambayo ni rahisi kuficha mfukoni, iliendelea kuvushwa mipakani kwa magendo.

Desemba 2010 nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwamo, zilikutana Lusaka na kukubaliana kuwa na hati moja ya kanda inayothibitisha madini safi. Kwa bati na koltani ulianzishwa pia mpango wa kufunga lebo kwenye kila mfuko. Ilikuwa hatua, ila lebo nayo inaweza kufungwa kwenye mfuko usiostahili. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba mpango mkuu wa lebo, ITSCI, ulikuwa ukitumika kupitisha madini ya magendo na yale ya machimbo yenye watoto na watu wenye silaha. Wenye mpango walikanusha.

Kusini mwa Kongo, huko Kolwezi na Likasi, hadithi ni ya kobalti, madini yanayotumika kwenye betri za kuchaji, ikiwemo pengine betri ya simu unayosomea makala hii. Kongo huzalisha zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa nchi hiyo, mengi yakiwa ya kobalti. Januari 2016 Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walifuatilia kobalti hiyo kutoka kwa wachimbaji hadi kwenye mnyororo wa kampuni maarufu za simu na magari. Tangu hapo kampuni hizo zimelazimika kujibu maswali ambayo zamani ziliyakwepa.

Kwa hiyo yapo makosa mawili. La kwanza ni kununua bila kuuliza. La pili ni kuuliza, kusikia jibu baya, kisha kukimbia na kumwacha mchimbaji na shida zake. Mnunuzi anayewajibika anabaki, anaweka masharti, anachangia gharama za kurekebisha, na anaondoka pale tu ambapo hakuna anayetaka kurekebisha chochote au ambapo pesa zake zinakwenda kwa wenye bunduki.

Masoko yetu: hatua kubwa, safari haijaisha

Hapa nyumbani, mwaka 2019 ulileta mabadiliko makubwa. Baada ya mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji wadogo Januari mwaka huo, sheria ilirekebishwa na wachimbaji wadogo wakaondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi soko la madini la Geita lilifunguliwa, yakafuata mengine mikoani. Mchimbaji sasa anaweza kufika na dhahabu yake, ikapimwa kwa mizani iliyohakikiwa, akaiona bei ya siku, akalipwa na kupewa karatasi. Kwa aliyezoea kupunjwa gizani na broka, hilo si jambo dogo.

Lakini tuisome karatasi hiyo vizuri. Inasema nani ameuza, uzito, usafi wa dhahabu, thamani na kilicholipwa serikalini. Haisemi kama matimba ya duara yalikuwa salama. Haisemi kama donge lilichomewa jikoni. Haisemi kama kiroba kilibebwa na mwanafunzi wa darasa la tano. Soko limefunga mwanya wa kukwepa mrabaha, ila mwanya wa kumuumiza mtu bado uko wazi.

Kuuziba hakuhitaji miujiza. Leseni ndogo ya uchimbaji ina mwenyewe na eneo linalojulikana. Maofisa madini hutembelea machimbo. Mambo matatu yakiingizwa kwenye ukaguzi huo kwa uzito ule ule wa mrabaha, yaani umri wa waliopo kazini, jinsi zebaki inavyotumika na usalama wa maduara, karatasi ya sokoni itaanza kuwa na maana nyingine. Mwenye leseni aliyekutwa na watoto apewe muda wa kurekebisha, na akikaidi asiuze. Vyama vya wachimbaji, kikiwamo chama cha wanawake wachimbaji TAWOMA kilichoanzishwa mwaka 1997, vinaweza kusaidia, kwa sababu vinajua nani ni nani kuliko mkaguzi anayepita mara moja.

Upo mfano wa vito vya rangi. Katika bonde la Umba mkoani Tanga, wachimbaji wadogo, wengi wao wanawake, wamekuwa wakiuza vito vyao kupitia mpango uitwao Moyo Gems, unaowakutanisha na wanunuzi wa nje kwenye siku maalumu za soko. Jiwe linaandikwa limetoka kwa nani, na mchimbaji anajua bei ya kuuzia nje na sehemu yake. Wanunuzi hao wako tayari kulipa kwa sababu wateja wao wanataka kujua jiwe limetoka wapi. Swali la mteja wa mbali linaweza kuwa mlo wa mama wa Umba.

Mzazi, anzia hapa

Kama unaishi au kufanya kazi machimboni, anza na mambo ya nyumbani. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba wala karibu na watoto, hata ikiwa pointi moja. Tumieni chombo cha kuchomea kilichofunikwa, chenye bomba linalopoza mvuke na kuirudisha zebaki kuwa maji, na kitumike nje, mbali na makazi. Kinaokoa afya na pia kinaokoa pesa, maana zebaki inayorudi hutumika tena. Mjamzito na anayenyonyesha asiishike zebaki wala asikae karibu na inapochomwa. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na vyombo vya kuchenjulia visiingie jikoni kamwe.

Kwa wanaowaacha watoto kambini kwa kukosa wa kuwaangalia, kinamama kadhaa wakichangishana wanaweza kumlipa mmoja wao awatunze watoto mbali na karasha na mwalo. Mwombeni mwenye leseni achangie. Ni gharama ndogo kwake kuliko kufungiwa.

Kama wewe ndiye mwenye duara au leseni, andika makubaliano ya mgawo hata kwenye daftari la kawaida: kila mtu sehemu yake, gharama zinazokatwa, na nani anamtibu aliyeumia. Weka kanuni moja isiyo na mjadala kwamba asiye na miaka 18 hafanyi kazi hapa. Ukimwondoa mtoto, muulize mzazi wake shida ni nini. Mtoto anayefukuzwa bila swali hilo kesho atakuwa kwenye duara la jirani.

Kama kijana wako ameaga anakwenda machimbo, usimwage kwa baraka tu. Muulize anakwenda kwa nani, duara lina leseni ya nani, na wamekubaliana nini. Mshauri ajiunge na chama cha wachimbaji na aweke akiba kwa hiari NSSF pale anapopata, kwa maana machimbo hayana pensheni. Na akikataa kushuka kwenye duara aliloona si salama, msimcheke. Hiyo ni haki yake, na huenda ndiyo itakayomrudisha nyumbani.

Kama unanunua, uliza. Sonara ana leseni? Dhahabu yake inatoka soko gani? Anaweza kukuonyesha karatasi? Huenda wewe peke yako usibadilishe kitu. Lakini wateja kumi wakiuliza ndani ya mwezi mmoja, sonara naye atamuuliza anayemuuzia, na huyo atamuuliza wa chini yake. Kwa simu, njia ya uhakika zaidi ni kuitumia muda mrefu, kutengeneza betri au kioo badala ya kununua mpya kila mwaka, na kuipeleka chakavu kwa wanaokusanya vifaa hivyo badala ya kuitupa jalalani.

Na ukimwona mtoto anatumikishwa, machimboni au kwingineko, usisubiri mwingine aseme. Mweleze ofisa ustawi wa jamii, mwenyekiti wa kijiji au mwalimu wake, au piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Ni bure. Kabla ya kupiga, uwe na jina la eneo na maelezo ya kutosha ya mahali mtoto alipo, ili anayekwenda kumfuata asipoteze siku nzima akizunguka kwenye maduara.